Paa bapa au paa la vigae: lipi litadumu juu ya nyumba yako?

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka katika miezi mitatu ya masika. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 basi hupokea kama lita 132,000 kila mwaka, yaani matenki 26 ya lita elfu tano. Liwe bapa, liwe la vigae, paa halikwepi mzigo huo. Yanapoachana ni hapa: maji yakishafika juu, yanakaa kwa muda gani kabla ya kuondoka?

Nimesimamia ujenzi wa nyumba za familia kwa miaka mingi, kuanzia Goba na Bunju hadi Kigamboni na Kibaha, na swali la paa nimeulizwa mara nyingi zaidi tangu nyumba za sura ya boksi ziliposhika mitaa yetu. Mtu anakuja na picha kwenye simu: kuta nyeupe, madirisha marefu, paa halionekani kabisa. Mke wake anataka vigae vyekundu kama vya jirani. Wote wawili wanataka nyumba ambayo watoto wao wataikuta nzima. Nitaeleza ninayowaambia, na sitaficha upande ninaoegemea.

Kwanza tujue tunalinganisha nini

Jina "paa bapa" linabeba vitu viwili tofauti. Lipo la slebu, yaani zege lenye nondo lililomwagwa juu ya kuta na nguzo, unaloweza kulipanda na kuanika nguo. Na lipo paa la kuficha: kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) fupi na mabati yenye mteremko mdogo sana, yamezungushiwa ukuta wa parapeti ili mtu wa barabarani asiyaone. Ukiwa chini yanafanana. Ukipanda juu utakuta hayana undugu wowote, hata namna yanavyoharibika ni tofauti.

Vigae navyo vina koo zake. Vipo vya udongo wa kuchoma na vya saruji, vizito. Vipo vya bati lililogandishwa chembe za mawe, ambavyo ndivyo vimejaa madukani kwetu sasa. Vipo pia vya lami: mkeka wa nyuzi za kioo uliolowekwa lami na kunyunyiziwa chembe za mawe juu, ambao Marekani ndio uezekaji wa kawaida wa nyumba za watu.

Mji Mkongwe ulishalijaribu

Kabla hatujashika chepe, twende Unguja. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zilijengwa na paa bapa: boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe, kisha tabaka nene la chokaa lililopondwapondwa kwa siku nyingi hadi likashikana. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ndiyo maana ni vyembamba na virefu. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, naiheshimu sana.

Lakini ukitazama mji huo leo kutoka juu, unachokiona ni bahari ya mabati yaliyoinama. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, wenye nyumba wengi walijenga paa la mteremko juu ya lile bapa. Zanzibar hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Muscat ya Oman, ambako baadhi ya wenye majumba hayo walikuwa na asili yao, hupata kama milimita 100. Paa bapa linaishi kwa raha kwenye nchi ambayo mvua ni mgeni. Unguja lilidai chokaa jipya na macho ya mwenye nyumba kila msimu, na lilipokosa, maji yalishuka hadi kwenye boriti, mti ukaoza, dari likafuata.

Namtajia kila mteja habari hii. Hawa walikuwa na mafundi bora kuliko wengi wetu, na bado waliishia kuongeza mteremko.

Slebu: imara sana, ila ina adui mmoja

Slebu ya unene wa sentimita 15 ina uzito wa takriban kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Upepo hauing'oi, mchwa hawaili, mwizi hafunui bati akaingia. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, wenye mabati ndio waliolala macho. Kwa upepo, slebu haina mpinzani. Zege lenyewe, likimwagwa kwa vipimo na kumwagiliwa maji angalau siku saba, linaweza kufikisha miaka 50 na kupita.

Adui yake ni maji yaliyotulia. Slebu nyingi za nyumba za kawaida humwagwa zikiwa sawasawa kabisa, fundi akijivunia pima maji yake, na hapo ndipo kosa linapoanza. Paa bapa halitakiwi kuwa bapa. Kila mita moja maji yashuke kama sentimita 2 kuelekea kwenye bomba. Upande wa mita 8 unahitaji tofauti ya sentimita 16 kati ya juu na chini. Tofauti hiyo isipowekwa kwenye fomu, yaani mbao za kumwagia zege, itengenezwe baadaye kwa tabaka la saruji na mchanga. Wengi huambiwa "tutaweka tu", kisha hela inaisha.

Jua nalo halikai bure. Alfajiri slebu ina nyuzi joto 25 hivi, saa nane mchana uso wake unapita 55. Slebu ya mita 10 hurefuka na kufupika kama milimita 3 kila siku ya Mungu. Mchezo huo wa kila siku unafungua nyufa nyembamba kama unywele, hasa inapokutana na ukuta wa parapeti. Maji yaliyotuama yanaingia hapo, yanafika kwenye nondo, nondo inashika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo inapasua zege kutoka ndani. Siku unapoona plasta ya dari imebanduka na nondo nyekundu inakuchungulia, ugonjwa una miaka kadhaa tayari.

Kwa hiyo slebu inahitaji koti. La kawaida ni shuka la lami linalobandikwa kwa moto wa gesi, nalo likiwekwa vizuri hutumika miaka 15 hadi 20. Dawa za kupaka kwa brashi hudumu muda mfupi zaidi. Nyingi zinahitaji kurudiwa baada ya miaka michache. Hesabu hii ndiyo wanayoisahau wengi: zege lina miaka 50, lakini koti lake litabadilishwa mara mbili au tatu katika muda huo, na kila mara lazima uondoe la zamani, usafishe, ukaushe.

Kuna jambo moja linaniuma sana kwa sababu nyumba nyingi zinalo. Mtu anajenga slebu akiwa na nia ya kupandisha ghorofa baadaye, kwa hiyo anaacha nondo za nguzo zikichomoza juu. Miaka inapita, ada za shule zinapanda, ghorofa haliji. Kila nondo iliyochomoza ni mfereji. Maji yanaifuata hadi ndani ya nguzo, na shuka la lami haliwezi kuziba vizuri kitu kinachochomoza namna hiyo. Nimepasua nguzo ya nyumba ya miaka tisa nikakuta nondo ya milimita 12 imebaki kama penseli. Kama ghorofa si la miaka miwili mitatu ijayo, zipake nondo hizo saruji laini, zijengee visiki vya zege dhaifu kuzunguka vichwa vyake vitakavyobomolewa siku ya ghorofa, na shuka la lami lipande juu ya visiki hivyo. Ni kazi ya siku mbili inayookoa nguzo zako.

Paa la kuficha

Hapa sitapima maneno. Kati ya mapaa yote ninayoyajua, hili ndilo linalonipa hofu zaidi likijengwa na fundi asiyelijua, na linajengwa hivyo kila siku.

Dada yangu alijenga Bunju nyumba nzuri ya sura hiyo. Masika ya kwanza yalipita salama. Ya pili, jipsamu ya sebuleni ikaanza kuweka madoa ya rangi ya chai kwenye pembe. Fundi akaja na silikoni. Ya tatu, jipsamu ikashuka juu ya makochi usiku. Nilipopanda juu nilikuta mambo manne, na nimeyakuta tena kwenye nyumba nyingine nyingi. Gata ya ndani ilikuwa na tundu moja tu la kutolea maji, nalo limezibwa na majani ya mwembe na vijiti vya kiota cha kunguru. Bati lilipokutana na ukuta, kilichozuia maji kilikuwa plasta peke yake, ambayo haishikani na bati. Mabati yaliungwa katikati, kwenye mteremko mdogo ambao maji yanaweza kurudi nyuma chini ya kiungio. Na kichwa cha parapeti kilikuwa tofali lililopigwa plasta bila kofia ya zege, kwa hiyo ukuta wenyewe ulikuwa unakunywa mvua kama sifongo.

Tazama tofauti. Paa la kawaida lenye gata ya nje likiziba, maji yanamwagika uani, unaudhika, unasafisha. Paa la kuficha likiziba, maji hayana pengine pa kwenda ila ndani ya nyumba yako.

Linaweza kujengwa likadumu, sikatai. Agiza mabati ya migongo mipana yaliyokatwa kwa urefu kamili ili yasiwe na kiungio. Gata iwe pana kiasi cha mtu kusimama ndani na kufagia, iwe na matundu mawili au zaidi, na ukuta uwe na tundu la dharura lililo chini kidogo ya kingo za bati, ili maji yakijaa yatoke nje na wewe uyaone. Bati la kukinga maungio lichimbiwe ndani ya ukuta, lisibandikwe juu ya plasta. Parapeti ivae kofia yenye mteremko wa kurudisha maji paani. Ukijumlisha yote haya utaona gharama inakaribia, au inapita, ya paa la vigae. Aliyekwambia paa la kuficha ni rahisi kwa sababu lina mbao chache hakukuhesabia vitu hivyo.

Vigae: mteremko unakufanyia kazi

Kwenye paa lililoinama nyuzi 20 au 25, tone la mvua linafika kwenye gata kwa sekunde chache. Kigae kimoja kikivunjika, hitilafu ni ya kigae kimoja, na unakibadilisha bila kugusa vingine. Sababu hizi mbili ndizo zinazonifanya niegemee upande huu kwa nyumba nyingi za ukanda wetu.

Vigae vya bati vyenye chembe za mawe ndivyo ninavyovijua vizuri. Vina uzito wa kama kilo 7 kwa mita ya mraba, wakati vya udongo hufika 40 hadi 50. Ndani kuna bati la unene wa kama milimita 0.4 lililopakwa aluminiamu na zinki. Ubora wake mkubwa upo mahali ambapo wanunuzi hawaangalii: msumari unapigwa kwenye uso wa mbele wa kigae, kwa ubavu, kuingia kwenye papi, yaani ubao mwembamba unaolala juu ya kenchi. Haupigwi juu ya mgongo ambako maji yanapita. Bati la kawaida lina mamia ya matundu ya skrubu yanayotazama mawingu, na mpira wa kila skrubu unakauka kwa jua. Kigae hakina tatizo hilo. Kikiwa halisi na kikafungwa vizuri, miaka 40 inawezekana.

Lakini kina masharti. Papi zake hukaa karibukaribu, kama sentimita 37, kwa hiyo mbao ni nyingi, na zisipokuwa zimetiwa dawa, mchwa watamaliza kenchi wakati vigae vingali vipya. Nimeona hilo Kibaha: juu panang'aa, chini mbao ni unga. Halafu kuna kukanyaga. Fundi wa dishi au wa sola anapanda, anakanyaga katikati ya kigae badala ya pale penye papi, kigae kinabonyea na kiungio kinafunguka. Simama chini umwelekeze kila hatua. Na usiogope chembe utakazoziona kwenye gata mvua ya kwanza. Hizo ni za ziada za kiwandani. Zikianza kudondoka kwa wingi baada ya miaka kumi, hapo ogopa.

Kuhusu bandia: kwangua chembe kwa ukucha. Zikitoka kama mchanga mkavu, rudisha.

Vigae vya lami ni vizuri kwa macho na havipigi kelele mvua ikinyesha. Uimara wake kwetu naupa alama ndogo. Vinataka sakafu nzima ya plaiwudi inayostahimili maji juu ya kenchi, na plaiwudi hiyo ndiyo inayooza kwanza mahali popote panapovuja. Watengenezaji wa nje huzungumzia miaka 25 hadi 30 kwa vile vinene. Jua letu ni kali na la mwaka mzima. Chembe zikipungua, lami inabaki uchi, inakauka na kujikunja. Mimi huhesabu miaka 15 hadi 20. Mteremko usipungue nyuzi 18.

Vya udongo vikichomwa vizuri vinaishi kuliko aliyeviweka. Misheni kongwe za nyanda za juu kusini bado zimevivaa. Ila vinataka kenchi nzito, mwembe usiokuwa karibu, na watoto wasiorusha mawe.

Chumvi ya baharini

Ukiwa Kigamboni mstari wa mbele, Mbezi Beach karibu na maji, Tanga au Pemba, hesabu inabadilika kwa pande zote. Bati la aina yoyote linaanza kuliwa kwenye kingo zilizokatwa, na dhamana nyingi za kiwandani hazihusu nyumba zilizo karibu sana na bahari. Zisome kabla ya kulipa. Slebu nayo haiko salama, kwani chumvi inapenya zege na kuharakisha kutu ya nondo. Zege la kufunika nondo lisipungue sentimita 4, na msimwage kwa mchanga wa pwani wala maji ya kisima chenye chumvi. Kwa viwanja vya namna hii, vigae vya saruji au vya udongo, kwa misumari isiyoshika kutu, ndivyo ninavyovipendekeza mbele ya vyote.

Kwa hiyo wewe uchague lipi?

Kama uko Dodoma, ambako mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, na kweli utapandisha ghorofa, au eneo ni dogo na unataka pa kuweka tenki na sola, jenga slebu. Iwekee mteremko, ivalishe koti, na uwe mtu wa kupanda juu kila mwanzo wa msimu wa mvua ukiwa na fagio. Ukijijua kwamba hutapanda, usijidanganye.

Kama uko Bukoba, ambako mvua hufika milimita 2,000, au Unguja, au Dar yenyewe, na hii ni nyumba ya maisha, chagua vigae kwenye mteremko wa nyuzi 20 na zaidi, mapaa mawili au manne tu bila pembe nyingi. Kila pembe ya ndani ambako mapaa mawili yanakutana ni mahali pa kuvuja. Paa rahisi la mabati ya geji 28 litaishi kuliko paa la vigae lenye vilele kumi na viwili.

Kama moyo wako umekufa kwa nyumba ya boksi, jenga, lakini ongeza bajeti ya paa badala ya kuipunguza. Nyumba ya dada yangu tuliinusuru kwa kufungua mabati yote, kuinua kenchi upande mmoja tukapata nyuzi 8, na kutoa maji yote nyuma kwenye gata ya nje. Kwa mbele bado ni boksi. Kwa nyuma paa linaonekana, na amelizoea.

Kabla ya kulipa fundi, fanya hivi. Kwa slebu, ziba matundu ya kutolea maji, ijaze maji ya kina cha sentimita 3 au 5, weka alama ukutani, iache saa 48, kisha kagua dari chini kabla halijapigwa plasta. Kwa vigae, ingia darini saa sita mchana, zima taa, tafuta mwanga. Panapopita jua patapita mvua. Na katika mkataba andika kwamba sehemu ya mwisho ya malipo, hata kama ni asilimia kumi tu, italipwa baada ya masika ya kwanza kupita.